Nicklas Lidström: Beki Aliyedumu Misimu 20 Bila Kutafuta Ugomvi

Wachezaji wengi wa magongo hapa Kampala tunaufahamu mchezo wa barafuni kwa masikio kuliko kwa macho. Tunajua kwamba ni ndugu wa mchezo wetu, kwamba unapendwa Kanada, Uswidi, Urusi na Marekani, na kwamba wachezaji wake hutwangana ngumi uwanjani waamuzi wakitazama. Hilo la mwisho ndilo linalosambaa zaidi katika simu zetu, na ndilo linalowafanya wengi waamini kwamba beki wa magongo ya barafuni ni pande la mtu linalolipwa ili kuwabamiza wenzake ukutani. Mimi ni beki wa siku nyingi katika uwanja wa Lugogo, na sasa nawasaidia vijana wanaojifunza nafasi hiyo, kwa hiyo nina sababu yangu ya kuandika kuhusu mtu ambaye maisha yake yote ya kazi yanaikanusha picha hiyo. Anaitwa Nicklas Lidström, Mswidi aliyecheza misimu 20 katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, akiwa na klabu moja tu, Detroit Red Wings.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo wenyewe, maelezo machache yatatosha. Kila timu ina watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Kinachochezwa si mpira bali ni kisahani cha raba ngumu chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5, na uwanja wa NHL, wenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta ambao ni sehemu halali ya mchezo. Vipindi ni vitatu vya dakika 20. Kasi ni kubwa kiasi kwamba mchezaji hukaa barafuni kwa muda usiofika dakika moja, akatoka kupumua, kisha akarudi, na hivyo ndivyo mechi nzima inavyokwenda. Anayefanya kosa hupelekwa kukaa nje kwa dakika mbili, timu yake ikabaki pungufu. Anayepigana hukaa nje dakika tano.

Lidström alizaliwa mwezi wa Aprili 1970 na kukulia Avesta, mji mdogo wa katikati ya Uswidi, kisha akajiunga na klabu ya mji wa Västerås. Mwaka 1989 Detroit walimchagua katika duru ya tatu ya usajili wa vijana, ambao klabu za ligi huchagua kwa zamu, akiwa wa 53 kwa jumla. Usajili wa mwaka huo unazungumzwa hadi leo, kwa sababu klabu hiyohiyo, baada ya kumpata yeye, iliwachukua pia Warusi wawili waliokuja kuwa nguzo zake, Sergei Fedorov akiwa wa 74 na Vladimir Konstantinov akiwa wa 221. Ina maana kwamba klabu zote za ligi zilipata nafasi ya kumchukua Lidström zaidi ya mara moja na zikampita. Sishangai. Kijana mwembamba asiyegonga watu haonekani kirahisi na mtu aliyekuja kutafuta beki.

Alivuka bahari mwaka 1991, baada ya kutwaa ubingwa wa dunia akiwa na timu ya taifa ya Uswidi. Katika msimu wake wa kwanza alipangwa pamoja na Brad McCrimmon, beki mkongwe wa Kanada aliyependa kubaki nyuma na kulinda, jambo lililompa mgeni uhuru wa kupanda na kushambulia. Akamaliza msimu na mabao 11 na pasi za mabao 49 katika mechi 80, akawa wa pili katika tuzo ya mchezaji mpya bora nyuma ya Pavel Bure. Naitaja jozi hiyo kwa makusudi, maana watu husimulia habari za wachezaji wakubwa kana kwamba walijilea wenyewe. McCrimmon alifariki Septemba 2011 katika ajali ya ndege iliyoiangamiza timu ya Lokomotiv Yaroslavl ya Urusi, ambako alikuwa ameanza kazi ya ukocha mkuu. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa anajiandaa kuingia msimu wa 20.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo Lidström alihesabiwa kuwa beki mzuri tu, mmoja kati ya wengi. Kilichobadilisha mambo ni fainali ya ligi ya 1997, ambayo huwa mfululizo wa mechi kadhaa, dhidi ya Philadelphia Flyers, na kama msomaji ana bando la kutazama mechi chache tu za zamani, ningemwomba aanzie hapo. Philadelphia walikuwa na safu ya washambuliaji watatu wakubwa wa mwili, Eric Lindros, John LeClair na Mikael Renberg. Lindros alikuwa na urefu wa karibu sentimita 193 na uzito uliozidi kilo 100, na alikuwa akiwapitia mabeki kwa kuwaangusha. Kila mtu alitarajia kwamba kocha wa Detroit, Scotty Bowman, angejibu nguvu kwa nguvu kwa kumpanga Konstantinov, ambaye alikuwa mgongaji mkali kuliko wote pale Detroit. Bowman akafanya kinyume. Aliwapanga Lidström na Larry Murphy, wawili ambao hawakuwa na habari ya kugonga mtu, akawaambia wakae na safu hiyo usiku kucha.

Ukiitazama fainali hiyo kwa utulivu utaona hesabu ya Bowman ilivyokuwa. Mshambuliaji mwenye mwili mkubwa hufaidika beki anapomfuata, kwa sababu hapo panakuwa na mgongano, na katika mgongano yeye ndiye mwenye kilo nyingi. Lidström na Murphy hawakumfuata. Walirudi nyuma kwa mpangilio, wakaziba njia za pasi, wakachukua kisahani mapema na kukitoa eneo lao kabla Lindros hajafika pale alipotaka kugongana na mtu. Detroit walishinda mechi zote nne, na Lindros alipata bao moja tu katika fainali nzima, tena katika sekunde za mwisho za mechi ya mwisho, kazi ilipokuwa imekwisha. Lilikuwa Kombe la Stanley, yaani kombe la bingwa wa NHL, la kwanza kwa Detroit tangu 1955.

Furaha hiyo haikudumu hata wiki moja. Gari lililowabeba Konstantinov na wenzake baada ya sherehe liligonga mti, naye akaumia kichwa vibaya, asicheze tena. Mwaka uliofuata Detroit walipolitwaa kombe tena kwa kuwafunga Washington Capitals, wenzake walimwingiza barafuni akiwa kwenye kiti cha magurudumu na kuliweka kombe mapajani mwake. Baada ya hapo safu ya ulinzi ya klabu hiyo ilimwelemea Lidström kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa kawaida alikuwa akicheza dakika zaidi ya 25 kati ya 60.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana takwimu za tuzo mtu anaweza kuzisoma popote. Mshambuliaji anapokuja na kisahani kwa kasi, beki huteleza kinyumenyume akimtazama. Hapo kuna makosa mawili yanayotukuta mabeki wote, wa barafuni na wa Lugogo. La kwanza ni kurudi nyuma kupita kiasi, ukampa mwenzako nafasi ya kupiga atakavyo. La pili ni kumvamia mapema, akakupiga chenga ukabaki nyuma yake. Lidström alikaa katikati ya makosa hayo mawili kwa umbali ambao karibu haukubadilika, mkono mmoja ukiwa umelishika gongo na kulinyoosha chini barafuni, ubapa wake ukielekea kwenye kisahani. Mwili wake aliuweka kidogo upande wa ndani, upande wa goli, hivi kwamba njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa ile ya pembeni, kandokando ya ukuta. Mshambuliaji huiona njia hiyo akadhani ameipata mwenyewe. Akiingia humo, ukuta unakuwa beki wa pili, nafasi inapungua hatua kwa hatua, na wakati huohuo gongo la Lidström linatoka mara moja, linakigusa kisahani, na mchezo unageukia upande wa pili. Mchungaji wa ng'ombe wa Ankole huwaingiza ng'ombe zizini kwa namna hiyohiyo: fimbo anayo, lakini husimama tu pale ambapo ng'ombe hawezi kupita ila langoni.

Mbele ya goli alikuwa na ufundi mwingine ambao kwenye televisheni hauonekani isipokuwa picha ikirudiwa polepole. Mpinzani anapongoja pasi karibu na kipa, mabeki wengi humsukuma mgongoni au kumkumbatia, na mara nyingi wanapata adhabu. Yeye alingoja. Kisahani kilipokuwa kinakaribia, aliliingiza gongo lake chini ya gongo la mpinzani na kulinyanyua kwa nukta moja tu, kisahani kikapita chini, kisha akaliachia. Mpinzani hubaki akimtafuta mwamuzi, na mwamuzi hana la kupuliza.

Katika mchezo wetu wa uwanja wa kawaida ufundi huo wa kunyanyua gongo haufai, kwani kuligusa gongo la mpinzani ni kosa, na sisi tunaruhusiwa kutumia upande mmoja tu wa gongo. Lakini umbali na mahali pa kusimama vinahamishika bila kubadilishwa chochote. Niliwahi kuwaonyesha vijana wangu kipande cha mechi yake ya zamani kwenye simu, na mmoja wao, baada ya kutazama kwa makini, akaniuliza: «Kocha, huyu namba tano anafanya nini? Mbona kila mtu anampelekea mpira mwenyewe?» Sikuwa na maelezo bora kuliko swali lake. Tangu hapo tuna zoezi ambalo beki haruhusiwi kumgusa mpinzani wala kupiga mbizi. Anachotakiwa ni kumpeleka pembeni tu. Wanalichukia zoezi hilo, kwa sababu haliwapi nafasi ya kushangiliwa.

Na hapa ndipo penye ugumu wa kumthamini beki wa aina hii. Sisi ni watu wa mpira wa miguu kwanza, na shabiki wa Namboole humkumbuka beki kwa ile «takolini» iliyorusha nyasi, hata kama ilitokana na beki huyohuyo kusimama mahali pasipofaa. Lidström alicheza mechi 1,564 za ligi na katika zote hizo alikusanya dakika 514 za adhabu, yaani kama sekunde 20 kwa kila mechi. Kuna wababe wa ligi hiyo waliokusanya nyingi zaidi ya hizo katika miaka miwili. Upande wa pili, ana mabao 264 na pasi za mabao 878, na hesabu ile inayolinganisha mabao yanayofungwa na kufungwa timu mchezaji akiwa barafuni ilimwachia ziada ya 450. Kila msimu kati ya ile 20, bila kukosa hata mmoja, Detroit walifika hatua ya mtoano.

Tuzo ya Norris hupewa beki bora wa mwaka. Lidström alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1998, 1999 na 2000, nyuma ya Rob Blake, Al MacInnis na Chris Pronger, kabla ya kuipata kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Wakati huo alikuwa na miaka 31. Hapa kwetu mchezaji wa umri huo huanza kuitwa mzee na vijana wa timu yake, kwa heshima kidogo na kwa kejeli zaidi. Yeye akaichukua tena 2002 na 2003, kisha 2006, 2007, 2008, na mwisho 2011 akiwa amefikisha miaka 41: mara saba, na zote baada ya umri ambao wengi hutafuta kazi nyingine. Nadhani sababu iko wazi kwa aliyefuatana nami hadi hapa. Mwili wa beki huisha kwa kugonga na kugongwa, magoti na mabega yakianza, na mtu aliyeuepuka mgongano tangu ujana alikuwa akiweka akiba bila kutangaza. Anayetegemea kasi huibiwa na umri. Anayetegemea mahali pa kusimama huongezewa, kwa kuwa kila mwaka anakuwa amewaona washambuliaji wengi zaidi.

Nitasema ukweli kuhusu ile tuzo ya 2011, kwamba mashabiki wake tusijifanye hatujui. Ulikuwa msimu pekee ambao ile hesabu yake ya mabao ilishuka chini ya sifuri, na kama ningepiga kura ningempa Zdeno Chara au Shea Weber. Hata hivyo, ulikuwa pia msimu ambao, mwezi wa Desemba 2010, dhidi ya St. Louis Blues, alifunga mabao matatu katika mechi moja kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya NHL, akiwa na miaka 40. Wapiga kura nao ni binadamu.

Mwaka 2002 unastahili kukaliwa kidogo. Detroit walikuwa wamejaza majina makubwa, lakini katika duru ya kwanza ya mtoano walipoteza mechi mbili za mwanzo nyumbani kwao dhidi ya Vancouver Canucks, na mji mzima ukaingiwa na wasiwasi. Katika mechi ya tatu, ikiwa sare, na kipindi cha pili kikiwa kimebakiza chini ya nusu dakika, Lidström alipiga kisahani kutoka katikati ya uwanja, mbali kabisa na goli, na kikampita kipa Dan Cloutier. Wengi huliita bao la bahati, na kwa kweli kipa alistahili kukidaka, lakini bahati hiyo ilimkuta mtu aliyekuwa na mazoea ya kupiga shuti la chini lililolengwa badala ya kutupa kisahani ovyo. Vancouver hawakushinda tena hata mechi moja. Detroit walilitwaa kombe kwa kuwafunga Carolina Hurricanes, na Lidström, aliyekuwa akicheza zaidi ya dakika 30 kwa mechi, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, ya kwanza kwa mchezaji kutoka Ulaya.

Shuti hilo lake lilikuwa silaha ya namna ya pekee. Katika uwanja wa zamani wa Detroit, Joe Louis Arena, ukuta wa nyuma ya goli ulikuwa unarudisha kisahani kwa nguvu, naye alijua sehemu zake kama mtu ajuavyo chumba chake gizani. Mara nyingi alipiga pembeni ya goli kwa makusudi, kisahani kikagonga ukuta na kumrudia mwenzake upande wa pili wakati kipa bado yuko upande wa kwanza. Kwenye karatasi ya takwimu lile ni shuti lililokosa goli.

Februari 2006, katika fainali ya Olimpiki mjini Torino, Uswidi na Ufini waliingia kipindi cha tatu wakiwa sare ya mabao mawili. Sekunde kumi tu baada ya kipindi kuanza, Peter Forsberg na Mats Sundin waliupeleka mchezo mbele, na Lidström aliyekuwa akifuata nyuma yao akapiga shuti lililokwenda juu ya bega la kipa. Hilo ndilo lililokuwa bao la dhahabu. Katika mwaka huohuo Steve Yzerman alistaafu, na unahodha wa Detroit ukamwangukia yeye. Mwaka 2008 walipowafunga Pittsburgh Penguins, akawa nahodha wa kwanza aliyezaliwa na kufundishwa mchezo Ulaya kulinyanyua Kombe la Stanley. Mtu wa kwanza aliyemkabidhi kombe hilo alikuwa Dallas Drake, mkongwe aliyechaguliwa na Detroit mwaka uleule wa 1989, akazunguka klabu nyingine kwa miaka mingi, na hakuwa amewahi kuligusa. Mwaka uliofuata Pittsburgh walilipiza katika mechi ya saba, na shuti la mwisho kabisa, katika sekunde ya mwisho, lilikuwa la Lidström. Kipa Marc-André Fleury akajirusha na kulizuia kwa mwili.

Wazee wa mchezo huo wakisikia mtu anamwita Lidström beki bora wa nyakati zote humtaja Bobby Orr wa Boston, na wana hoja nzito. Orr alipata Tuzo ya Norris mara nane mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1975, na ndiye beki pekee aliyewahi kuongoza ligi nzima kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Lakini magoti yalimshinda, akaacha mwaka 1978 akiwa na miaka 30 na mechi 657. Kwa kipaji simlinganishi na mtu. Nikiulizwa nimpe kijana mfano wa kazi ya ubeki tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, nitamtaja Lidström bila kusita, kwa sababu alichokifanya kinaweza kujifunzwa, na alichokifanya Orr kinaweza kutazamwa tu.

Alitangaza kustaafu tarehe 31 Mei 2012. Hakuna klabu iliyomwacha wala jeraha lililomlazimisha, ingawa mwaka huo kifundo cha mguu kilimsumbua. Alieleza kwamba ule msukumo wa kujituma kwa kiwango kinachotakiwa haukuwepo tena. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyekuwa amecheza mechi nyingi kama zake akiwa na klabu moja tu maishani. Machi 2014 Detroit waliiondoa jezi namba tano katika matumizi, na mwaka 2015 akaingia katika Ukumbi wa Heshima pamoja na Fedorov na Pronger, huyo aliyemshinda Norris miaka kumi na mitano kabla. Familia yake ilikuwa imerudi Uswidi. Mwaka 2022 Yzerman, ambaye sasa ndiye meneja mkuu wa Detroit, alimrudisha klabuni akiwa makamu wa rais wa masuala ya mchezo, na moja ya kazi zake ni kutoa maoni kuhusu vijana wanaofaa kusajiliwa. Ningependa kujua anamtazama vipi kijana mwembamba asiyegonga watu.